Mwenye Somo na Ajifunze Kusimulia

Mwezi wa Julai 1993, katika nchi mbili zilizopakana, redio zilianza kuwasimulia watu mambo mapya. Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, habari za dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye mke nyumbani na hawara kila anapolala njiani. Kule Rwanda, mwezi huohuo, ilifunguliwa RTLM, stesheni ya watu binafsi yenye muziki wa Zaire, mizaha ya vilabuni, na watangazaji waliozungumza kana kwamba wamekaa benchi moja na msikilizaji. Redio ya taifa ya Rwanda ilikuwa kavu. Hii mpya ilichekesha, na vijana wakaipenda. Mchezo wa Mkwaju ulifunza watu kupanga uzazi na kujikinga na UKIMWI. RTLM, mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, ilikuwa ikitaja watu kwa majina na mahali walipo ili wakauawe.

Kesi ya wakuu wa redio hiyo ilisikilizwa Arusha, hapahapa kwetu, na hukumu ikatolewa Desemba 2003. Mmoja wa waliohukumiwa, Ferdinand Nahimana, alikuwa profesa wa historia. Msomi huyo alijua jambo ambalo wasomi wetu wema bado wanalibishia, kwamba watu huifuata sauti inayowafurahisha, na wakishaizoea hawaikagui tena inawaambia nini.

Nayaanza makala haya na jozi hiyo kwa sababu wapo waungwana, hasa walimu, wahubiri na wakuu wa idara, ambao wakisikia kwamba elimu na burudani viwekwe pamoja hukunja uso. Kwao burudani ni kitu cha kungoja nje hadi somo liishe. Ndugu zangu, burudani haikuwangoja. Kijana anayesikia tangazo la kubeti lililotungwa kwa utani mtamu anafundishwa hesabu wakati huohuo anaocheka, na hesabu yenyewe ni ya uongo. Binti anayetazama video fupi usiku kucha anafundishwa mume ni nani, uzuri ni upi na fedha hupatikanaje. Darasa hilo halina likizo, na walimu wake wanalipwa vizuri. Kama mwenye somo jema ataendelea kuona haya kuchekesha, basi amewaachia wengine uwanja.

Tena hatuzungumzi juu ya ndoto. Twende na Wakati ulisikika mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, na watafiti, Everett Rogers na Peter Vaughan wakiwa miongoni mwao, walifanya jambo ambalo ni nadra kufanyiwa redio popote duniani. Kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma kiliachwa bila mchezo huo tangu 1993 hadi 1995, kikawa kinarusha vipindi vyake vyenyewe saa hiyo, ili mahali penye mchezo pafananishwe na mahali pasipo nao. Mwaka baada ya mwaka watu waliulizwa maswali kaya kwa kaya. Penye mchezo, wanaotumia uzazi wa mpango waliongezeka kupita Dodoma, na wapo waliosema wamepunguza wapenzi. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikafunguliwa mchezo, na huko pia mabadiliko yakaanza kuonekana. Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kuwaacha watu wa Dodoma miaka miwili bila habari zilizoweza kuwaokoa, nami nauliza hivyohivyo. Lakini baada ya hapo hakuna awezaye kusema kwamba mchezo wa redio ni kelele za kupitisha jioni.

Sasa tutazame ulivyotungwa, maana hapo ndipo waandishi wetu wengi wa leo wanapojikwaa. Mkwaju hakuletwa kama shetani mwenye mapembe. Aliletwa kama mwanamume wa kwetu, mwenye fedha mfukoni na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Huenda hata wapo wanaume waliomwonea wivu mwanzoni. Mtunzi hakuwakemea, aliwaacha wapande naye lori, safari baada ya safari, mpaka ugonjwa ukamkuta. Mkewe Tunu hakuja na hekima zote tangu siku ya kwanza. Alivumilia, akasitasita, akaondoka, akaanza biashara yake ndogo akajitegemea. Msikilizaji mwanamke alimwona akijifunza, akajifunza naye. Hakuna daktari aliyepiga hodi katikati ya ugomvi wa mume na mke ili asome vipengele vya sera ya afya.

Nasema hivyo kwa sababu daktari huyo tunamjua. Yumo karibu katika kila igizo la semina siku hizi. Watu wawili wanagombana, mgogoro unaanza kunoga, mara anaingia mtu mwenye koti jeupe na sauti ya risala, anazungumza dakika nne mfululizo, na wagomvi wanaitikia kwa pamoja, "Ahsante daktari, sasa tumeelewa." Nani kwa kweli ameelewa upesi hivyo? Mtazamaji kijijini anajua kuwa mumewe hajawahi kuelewa jambo lolote kwa dakika nne. Anabadilisha stesheni, na mwenye mradi anaandika katika ripoti yake kwamba jamii haina mwamko.

Ufundi huu una asili inayojulikana. Peru, tangu 1969, ilionyesha tamthiliya ya Simplemente María, ya msichana wa kazi aliyepanda hadhi kwa kujifunza cherehani. Wanawake wengi wakaenda kununua cherehani na kujiandikisha masomo, ingawa waliotunga hawakukusudia hivyo. Miguel Sabido wa Mexico aliona, akajiuliza: ikiwa hadithi inauza cherehani bila kukusudia, itauza nini ikikusudia? Mwaka 1975 akatoa tamthiliya ya kuwavuta watu wazima kwenye kisomo, kisha nyingine ya uzazi wa mpango. Kanuni yake ni ya wahusika watatu: mmoja mwema, mmoja mbaya, na wa tatu aliye katikati, anayeyumba. Huyo wa katikati ndiye mwalimu. Tunu alizaliwa kwa kanuni hiyo.

Lakini tusijifanye kwamba tulingoja Mexico itufungue macho. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wa mawaidha karne ya 19, akijua kwamba kinachoimbika hudumu kuliko kinachosemwa. Mathias Mnyampala alizichukua ngonjera akazitumia kufafanua Azimio la Arusha, na ukizisoma utaona alivyoelewa kazi: yupo asiyekubali, na asiyekubali huyo anapewa nafasi ya kusema. Ngonjera tunazozisikia leo mbele ya mgeni rasmi zimempoteza mtu huyo. Watoto kumi wamepangwa mstari, wote wana maoni yaleyale, wote wanapaza sauti, na mgeni rasmi anachungulia simu. Mbishi amefukuzwa jukwaani, na bila mbishi hakuna anayetaka kujua mwisho wake. Enyi mnaotunga, mrudisheni mbishi. Mpeni maneno mazuri, mazuri kiasi cha kuwatia hofu wafadhili wenu. Aliye upande wa haki atalazimika kujitahidi zaidi, na hapo wasikilizaji watakaa.

Jambo la pili ninalowasihi ni mazungumzo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakiwa na redio, kijitabu na kiongozi aliyefundishwa kazi yake. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Tazama mpangilio huo: redio ilianzisha, watu wakamaliza. Leo tuna stesheni nyingi mara kadhaa kuliko za wakati ule, na kila mmoja wetu anasikiliza peke yake akiwa na visikilizio masikioni.

Rwanda inatupa ushahidi mwingine, safari hii wa heri. Mwaka 2004, miaka kumi baada ya RTLM, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, wa vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinavyofikishwa kwenye chuki na viongozi wao, na vijana wawili wa pande hizo mbili wanaopendana licha ya chuki hiyo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia vikundi vilivyousikiliza kwa mwaka mzima, na vingine vilivyosikiliza mchezo wa afya. Alichokiona kinawavunja nguvu wapenda miujiza: imani za watu mioyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona desturi ya kwao, yaani lipi ni jambo la kawaida kwa watu kama sisi kulisema na kulitenda. Mwisho wa utafiti kila kikundi kilipewa redio ya pamoja na betri, kiamue nani azitunze. Katika vikundi vya mchezo wa afya, mtu alipopendekeza akabidhiwe kiongozi wa mtaa, wengine walinyamaza ikapita. Katika vikundi vya Musekeweya watu walisimama wakapinga, wakajadiliana, wakaelekea kuitunza kwa pamoja. Katika nchi ambayo utii kwa mkubwa ulikuwa umetumika kuua, mabishano hayo juu ya betri si jambo dogo hata kidogo.

Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka mchezo mmoja utibu malaria, rushwa, ukeketaji na ukataji miti katika msimu mmoja. Mchezo hauondoi dhambi. Hufungua mdomo wa mtu aliyekuwa amenyamaza, na jirani yake akasikia kwamba hayuko peke yake.

Kwa wazazi sina mengi. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonekana TBC1 mwaka 2014, zinafundisha hesabu kwa nyimbo na vituko, kwa Kiswahili, tena zimetengenezwa Dar es Salaam. Mwache mtoto atazame, lakini kaa naye. Muulize wimbo ulisema nini, naye atakuimbia wote. Kisha mpe karanga agawanye kwa watu watatu. Mmarekani Neil Postman aliandika mwaka 1985 kwamba vipindi vya namna hiyo humfundisha mtoto kupenda televisheni kuliko shule. Hoja yake ina uzito pale mtoto anapoachwa peke yake na kioo, na pale tu. Wala sidai kwamba kila somo linaweza kuimbwa. Mwanafunzi wa udaktari atakesha na vitabu vyake, na hakuna katuni itakayomsaidia.

Maneno yangu ya mwisho ni ya fedha, na yanawahusu wenye redio na televisheni. Michezo mingi mizuri ya kufunza katika Afrika Mashariki imelipiwa na wafadhili wa nje, na ile inayotegemea mradi hukatika mradi unapoisha, wakati mwingine kabla msikilizaji hajajua mhusika wake ameolewa au amekufa. Ni aibu. Shamba Shape Up ya Kenya, inayokwenda mashambani kwa wakulima tangu 2012, imeonyesha kwamba wauza mbegu na pembejeo wako tayari kuchangia gharama za kipindi kinachotazamwa na wanunuzi wao. Benki zipo, kampuni za simu zipo, na bima ya afya ipo. Wote hao wana maslahi katika mtu mwenye akili timamu na afya njema. Waendeeni. Tengeni nusu saa mbili kwa wiki kabla ya taarifa ya habari, wakati watu wamerudi nyumbani na chakula bado kiko jikoni, na msizisogeze kupisha mpira. Mpeni mtunzi mkataba wa miaka miwili badala ya wiki sita, ili mhusika wake apate muda wa kukosea. Daktari mleteni pia, asome mswada na kusahihisha yasiyo ya kweli, lakini alipwe baada ya mtunzi, na koti lake jeupe aliache mlangoni.