Hao Watu ni Akina Nani?

Hakuna habari inayopendwa na chumba cha habari kama ile inayoanza na "Utafiti wabaini". Ina namba, ina daktari, na haimpeleki mtu mahakamani. Wanaofanya hiki wanaugua zaidi ya wasiofanya, basi, ukurasa umejaa. Mimi naona habari ya namna hiyo isiruhusiwe kupita bila swali moja: hao watu ni akina nani? Sio wangapi. Akina nani.

Mfano ninaoupenda ni wa tohara na virusi vya UKIMWI, kwa sababu ni wa kwetu Afrika Mashariki, na kwa sababu uliwaumbua wenye haraka wa pande zote mbili.

Tuanzie Kenya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulipima damu na kukuta virusi kwa wanaume kama 13 katika kila 100 wasiotahiriwa, na 3 tu katika kila 100 waliotahiriwa. Mara nne! Mhariri gani angeiacha hiyo? Lakini hebu uliza, wasiotahiriwa wa Kenya ni akina nani? Wengi wao walikuwa Wajaluo wa Nyanza, kandokando ya Ziwa Victoria, mkoa ambao wanawake wake pia walikuwa na maambukizi makubwa kuliko mikoa mingine. Kule kuna mialo ya samaki ambako mchuuzi wa kike wakati mwingine hutakiwa alale na mvuvi ndipo apewe samaki, na kuna desturi ya kurithi wajane. Na waliotahiriwa je? Humo kuna Waislamu wa Pwani, ambao dini inawakataza pombe, na Wasomali wa Kaskazini Mashariki, ambako virusi vilikuwa karibu havipo kabisa. Kwa hiyo hapo hujalinganisha mwenye govi na asiye nalo. Umelinganisha kabila na kabila, dini na dini, ziwa na jangwa.

Sasa vuka mpaka uje kwetu. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI Tanzania wa mwaka 2003-04 ulionyesha kinyume: waliotahiriwa walikuwa na maambukizi kidogo zaidi ya wasiotahiriwa. Ina maana kisu kinaokoa ukiwa upande wa juu wa Namanga, halafu ukishuka upande wa huku kinadhuru? Haiwezekani. Waliotahiriwa wetu ni akina nani? Wengi ni watu wa mijini, wa Dar na miji mingine, na wale ambao vijana wa mjini wanawacheka kwa jina la "mkono wa sweta" wengi walikuwa vijijini, mfano Usukumani, ambako jando halikuwa desturi. Na mijini maambukizi yalikuwa takriban mara mbili ya vijijini. Mji ndio ulioingilia hesabu.

Huo mji, hilo ziwa, hiyo pombe, ndicho kile kitu cha tatu ambacho wataalamu wa takwimu wanakihofia kuliko kukosea kujumlisha. Kinaigusa tohara kwa mkono mmoja na maambukizi kwa mkono wa pili, halafu kinajificha. Watu wengi wanajua kwamba kinaweza kuzusha uhusiano ambao haupo. Wanachosahau ni kwamba kinaweza pia kuuficha uhusiano uliopo. Mwandishi wa Nairobi angeandika "Tohara kinga", wa Dar angeandika "Tohara si kinga", na wote wawili wangekuwa wamenakili namba sawasawa bila kukosea hata desimali.

Mwaka 2003 jopo la wachambuzi wa Cochrane lilikusanya tafiti zilizokuwepo na kusema ushahidi hautoshi, kwa sababu haya mambo mengine yamechanganyikana mno. Lilikuwa jibu la busara. Ila kuna waliolisikia kama "hakuna kitu hapo", na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kilichomaliza ubishi ni kura. Wanaume wasiotahiriwa, wasio na virusi, waliojitolea, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu watahiriwe sasa, nusu wasubiri hadi mwisho wa utafiti. Uzuri wa kura ni kwamba haijui mtu. Mlevi anaangukia huku na mwenzake kule, mlokole huku na mlokole mwingine kule. Kisumu, ziwa liko pande zote mbili. Hata kile kitu cha tatu ambacho hakuna mtafiti aliyekifikiria, nacho kinagawanywa. (Hapo ndipo niliposadiki kwamba takwimu ni somo la watu wenye akili, na sio adhabu ya mwaka wa pili chuoni.)

Matokeo? Orange Farm, karibu na Johannesburg, wanaume 3,274: walioambukizwa ni 20 upande wa waliotahiriwa, 49 upande wa pili. Kisumu, vijana 2,784: 22 kwa 47. Rakai, Uganda, wanaume 4,996: 22 kwa 45. Utafiti wa kwanza ulisimamishwa mapema mwaka 2005, hizo mbili Desemba 2006, kwa sababu kuendelea kuwasubirisha wengine kungekuwa dhambi. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakapendekeza tohara kama nyongeza ya kinga, nyongeza na sio mbadala wa kondomu, na baadaye Tanzania ikaanza mpango wake katika mikoa kama Iringa. Tohara ilikuwa inakinga kweli, hata kwetu ambako namba za kitaifa zilisema vingine.

Msiondoke hapa mkidhani kura huwa inathibitisha tu tulichokiona. Marekani, kwa miaka mingi wanawake waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walionekana kuugua moyo kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2002 utafiti wa kura wa wanawake 16,608 ulisimamishwa: waliopewa homoni walipata zaidi mshtuko wa moyo, kiharusi na saratani ya matiti. Wataalamu bado wanabishana kuhusu umri wa kuanza dawa hizo, lakini ile picha ya mwanzo ilikuwa imetiwa rangi na kitu cha tatu. Waliokuwa wakizitumia wenyewe walikuwa na kipato, elimu na daktari wa karibu.

Kuna na mjuaji mwingine, huyu ananikera zaidi ya mhariri. Kila utafiti anasema "huenda kuna sababu nyingine", kisha anaagiza bia. Ronald Fisher, mmoja wa waasisi wa takwimu za kisasa na mvuta kiko, alifanya hivyo miaka ya 1950: labda kuna urithi wa mwilini unaomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani ya mapafu. Alikuwa pia mshauri wa kampuni za tumbaku. Sigara huwezi kuipigia kura, utamlazimisha nani avute miaka 30? Mwaka 1959 Jerome Cornfield na wenzake walimjibu kwa hesabu: kama wavutaji wana hatari mara tisa, basi hicho kitu chako lazima kiwe kimejaa kwa wavutaji angalau mara tisa ya wasiovuta. Kiko wapi? Hakikuonekana.

Kwa hiyo anayetilia shaka naye akitaje kitu chake kwa jina, na aseme ni kikubwa kiasi gani. Na sisi tunaoandika tuweke ile sentensi moja: watafiti walilinganisha watu wa mahali pamoja, umri na kipato kinachofanana, au hawakufanya hivyo. Haizidi maneno 15. Najua ndiyo ya kwanza kukatwa tangazo likiingia. Wadau mliosoma takwimu au afya ya jamii, hebu nisaidieni: mngeiandikaje ili mhariri aione ni habari?