TUSIMLAUMU MNUNUZI WA KOTI

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbeya na Iringa haimwonei mtu haya. Mfanyakazi hana budi kutafuta koti. Huenda Mwanjelwa, au Mlandege, akainama juu ya rundo la mitumba akachagua; na akigeuza ukosi wa koti lake, pengine husoma herufi hizi: H&M.

Wengi wetu twazivaa herufi hizo pasipo kujua zilikotoka. Mwaka 1947, katika mji wa Västerås nchini Sweden, Erling Persson alifungua duka la nguo za kike, akaliita Hennes. Mwaka 1968 alinunua duka la Mauritz Widforss, majina mawili yakaunganishwa. Leo kampuni hiyo ina maduka yapata 4,000 duniani. Haina viwanda vyake yenyewe. Huagiza nguo kwa wenye viwanda wa Bangladesh, Uchina na kwingineko, ikaziuza kwa bei nafuu na kuleta mitindo mipya kila mara.

Kampuni hiyo haijafungua duka Mbeya wala Iringa. Nguo zake zatufikia kwa robota. Mzungu hununua, huchoka, hutoa; na tangu mwaka 2013 maduka yale yale hupokea nguo kuukuu za wateja. Wazee wetu waliziita kafa Ulaya, wakidhani wenyewe wamekufa. Wenyewe wangali hai, wamezichoka tu!

Mwaka ule ule wa 1968, Mwalimu Nyerere alikifungua kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina. Twajua yaliyofuata. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, viwanda vingi vya nguo vilififia, na hata leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kusokotwa uzi.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba sokoni. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakaishtakia serikali yao, nasi tukaonywa kuwa tutanyimwa nafuu ya ushuru ya AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegea. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.

Wako wenzetu wanaotaka mitumba ipigwe marufuku kesho. Hatukubaliani nao. Huwezi kumvua kibarua koti asubuhi ya Julai ukamwambia angoje kiwanda. Hata hivyo, hatukubali pia kwamba hakuna la kufanya. Ziko nguo ambazo Mzungu hatuletei kwa robota: sare za wauguzi, za askari, na sweta za wanafunzi wetu wa nyanda hizi za baridi. Mafundi cherehani na wafuma sweta tunao, nao wakaa vibarazani wakingoja kazi.

Basi wanachama waulize katika mikutano ya matawi yao: sare zinunuliwazo kwa fedha ya umma katika halmashauri yetu zashonwa na nani, na kwa kitambaa cha wapi? Nao madiwani walete majibu kabla zabuni za mwaka ujao hazijatangazwa.