Nani Huanza Ghasia? Kutoka Roma hadi Kisumu



Liko neno ambalo sisi wakazi wa ukingo huu wa Ziwa Viktoria tumelisikia tangu utotoni: kwamba watu wa Kisumu ni watu wa ghasia. Wakubwa hulitamka majukwaani kila uchaguzi unapokaribia. La kusikitisha zaidi, wako wenzetu wanaolirudia kwa sauti ya chini baada ya ibada, kana kwamba ni laana tuliyozaliwa nayo. Leo tunalikataa. Tunasema kwamba ghasia za kisiasa huanzia juu, pale mwenye mamlaka anapoifunga milango yote ya haki kisha akawashangaa wanaogonga ukuta. Na ili asiwepo wa kutuambia kwamba tunasema kwa ukabila, ushahidi wetu tutauanzia mbali.

Twende Roma. Mwaka 133 K.K. Tiberius Gracchus, mtetezi aliyechaguliwa na watu wa kawaida, alipitisha sheria ya kuwapunguzia matajiri mashamba ya umma waliyoyahodhi, ili maskini wapate pa kulima. Hakuwa na jeshi. Alikuwa na sheria na kura. Waliokuja na marungu na miguu ya viti iliyovunjwa ni maseneta na wafuasi wao, watu wa heshima, walinzi wa utulivu. Walimuua pamoja na watu wake wengi, wakazitupa maiti katika Mto Tiber. Mwaka 121 K.K. mdogo wake, Gaius, naye akaangamia katika msako. Waroma wakajifunza kwamba hoja hujibiwa kwa damu, na somo hilo likawala wao wenyewe: vita vya ndani vikafuatana hadi mwaka 27 K.K., Augustus alipoyakusanya mamlaka mkononi mwake. Tazameni ujanja wake! Hakuifuta Seneti. Aliacha vyeo na viti vyake, akaondoa nguvu zake.

Twende China. Mwaka 221 K.K. mfalme wa Qin aliziunganisha nchi zilizokuwa zikipigana, akajiita Mfalme Mkuu wa Kwanza. Mwaka 213 K.K. akaamuru vitabu vichomwe, zikiwamo tarehe za falme nyingine, ili asiwepo wa kulinganisha utawala wake na wa jana. Mwaka 209 K.K., mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, wanaume 900 waliolazimishwa kwenda kulinda mpaka walicheleweshwa na mvua njiani. Mwanahistoria Sima Qian anaeleza kwamba adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo. Viongozi wao, Chen Sheng na Wu Guang, wakapima: kufika ni kufa, kuasi ni kufa. Wakaasi. Dola iliyojigamba kwamba ingedumu vizazi elfu kumi ilidumu miaka 15. Nani aliyeanza ghasia hizo, wale wakulima waliolowa mvua au sheria isiyowaachia njia ya uhai?

Na ninyi msomao Biblia mnamjua Rehoboamu. Watu walimwendea kwa adabu wakiomba wapunguziwe kongwa. Wazee walimshauri vema. Akawasikiliza vijana wenzake waliomsifu. Taifa likapasuka. Nani alilipasua?

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaongoza chama cha KPU. Mara sheria ikabadilishwa, na wabunge waliomfuata wakalazimishwa kurudi kwa wapiga kura. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Nchi ikiwa bado katika majonzi hayo, tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wazee wetu huiita "Russia". Maneno makali yakarushwa, umati ukazomea, na risasi zikafyatuliwa kwa watu waliokusanyika, wakiwamo watoto. Serikali ilitaja maiti 11; walioshuhudia wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi. Siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku, viongozi wake wakatiwa kizuizini. Waliokufa ndio walioitwa wahuni.

Baada ya hapo sheria iliendelea kuchongwa kipande kwa kipande, kama alivyofanya Augustus. Juni 1982 kifungu cha 2A kikaifanya Kenya nchi ya chama kimoja. Mwaka 1988 wapiga kura wakapangwa mlolongo hadharani, na majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Bunge lilikuwapo, mahakama zilikuwapo, na wimbo wa taifa uliimbwa. Februari 1990 Dkt. Robert Ouko alichukuliwa kutoka Koru, na maiti yake ikapatikana karibu na kilima cha Got Alila. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Ni nini kilichofungua mlango? Marungu hayakuufungua. Mwaka huohuo wa 1990 Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alisimama akadai vyama vingi na ukomo wa vipindi vya urais. Mawakili, akina mama, wanafunzi na wachungaji wengine walisimama pia, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Mimbari ilifanya kazi yake.

Hata hivyo, tusijipake mafuta. Mwanzoni mwa mwaka 2008 maduka yalichomwa katika mji wetu, na majirani wakafukuzwa kwa sababu ya majina yao. Jirani mwenye duka hakuiba kura ya mtu. Hiyo ilikuwa dhambi, na ni yetu. Lakini Tume ya Jaji Waki nayo iliandika kwamba wengi waliouawa Kisumu waliuawa kwa risasi. Toba yetu isigeuzwe kuwa blanketi la kuwafunika waliofyatua. Mwaka 2017 na tena 2023, Kondele na Nyalenda walizisikia risasi hizohizo.

Basi tunadai nini? Kwanza, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Mei 2013 na inayoyataja mauaji ya 1969, itekelezwe, familia zilipwe fidia. Pili, kila Oktoba 25 makanisa yetu yawaombee marehemu wale na kukusanya majina yao wazee wangali hai. Tatu, kila mwenye kuandamana aishike Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010: kwa amani, bila silaha. Asiyeokota jiwe amemnyima muuaji kisingizio.

Hospitali ile leo ina jina la Jaramogi. Wagonjwa huingia na kutoka, na vijana wengi hawajui damu iliyomwagika siku ya kufunguliwa kwake. Tumeambiwa tufunike kombe mwanaharamu apite. Tumelifunika tangu 1969, na mwanaharamu hajapita. Tulifunue.