Ujuzi wa Nyumbani: Usiilaumu Springi Kabla ya Kutazama Vishikizo

Wiki hii tunaliacha jiko na bustani, tunakwenda uani kulitazama gari kuukuu la jamaa. Katika kambi ya polisi ya Naguru na mitaa inayoizunguka, askari anayekaribia kustaafu mara nyingi huwaza kununua basi dogo lililokwisha kutumika. Wengine hutumia mkopo wa chama cha akiba, kama Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi. Wengine hutoa kiinua mgongo chao chote. Gari hilo ndilo litakalolipa karo ya watoto, nalo ndilo litakalowapeleka watoto hao hao kwa babu yao Gulu au Mbarara wakati wa Krismasi. Hapana budi tulijue chini kama tunavyolijua juu.

Yako magari yaitwayo gari-nyumba, yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Hapa Kampala ni machache, na tunayoyaona huwa ya watalii. Hata hivyo yana funzo kwetu. Gari-nyumba halitui mzigo: hata likiwa limelala uani, springi zake zimebeba nyumba nzima. Likizeeka, huchoka pale springi iliposhikiwa. Basi, Toyota HiAce iliyogeuzwa duka la kutembeza, au inayoshinda na abiria na kulala na magunia, ina maradhi yale yale.

Vishikizo ni nini? Zile HiAce za umbo lililotoka mwaka 1989, ambazo bado ni nyingi barabarani, nyingi kati yake nyuma zina springi za mabamba, yaani vyuma virefu vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kimoja. Ncha ya mbele ya springi hufungwa kwenye chesisi kwa pini na bushi ya mpira. Ncha ya nyuma huning'inia kwenye vipande viwili vya chuma vinavyocheza. Katikati, bolti za umbo la U huikaza springi kwenye ekseli. Upande wa mbele wa gari kuna nondo ndefu inayojisokota badala ya springi, nayo imeshikwa kwenye chesisi. Ongeza hapo bolti za shokabsoba, juu na chini. Hivyo vyote ndivyo vishikizo.

Gari likianza kuinama au kugonga, fundi mwenye haraka husema, "Springi zimekufa, tuongeze bamba." Hapo ndipo fedha za jamaa zinapoteketea. Springi ikiongezwa bamba hukakamaa. Pigo la tuta la barabarani, ambalo zamani lilimezwa na kupinda kwa springi, sasa hupanda moja kwa moja hadi kwenye kishikizo na chesisi. Bamba la ziada haliliondoi pigo, hulihamisha tu. Shokabsoba iliyokufa nayo huleta balaa hilo hilo, kwa maana gari huendelea kurukaruka na kuvigonga vishikizo kila mara. Udongo mwekundu uliolowa mvua ukijazana ndani yake, kutu humaliza kazi iliyobaki.

Kabla ya kwenda Kisekka kununua chochote, fanyeni uchunguzi ufuatao. Vifaa ni futi ya utepe, tochi, brashi ya waya na nyundo ndogo.

Kwanza, pimeni kimo. Gari lisimame mahali sawa, likiwa tupu, na matairi yawe na upepo sawa. Pimeni kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sentimeta moja au mbili, itafutiwe sababu: yaweza kuwa springi, yaweza pia kuwa kishikizo kilichobonyea.

Pili, pimeni urefu. Usukani ukiwa umenyooka, pimeni kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kila upande. Kwa basi dogo la aina hii vipimo viwili vyapasa kulingana. Visipolingana, huenda ekseli imehama. Ama bolti ya U imelegea, ama bolti ya katikati ya springi imekatika, ama bushi imeliwa. Gari la namna hiyo huenda upogo, mwendo wa kaa. Askari wa barabarani akisimama nyuma yake atayaona magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Asiliruhusu kuendelea na safari.

Tatu, sikilizeni. Mgongano mwepesi na wa mfululizo kwenye mashimo madogo mara nyingi ni bushi au bolti ya shokabsoba. Kishindo kimoja kizito wakati wa kuondoka au kufunga breki huashiria kishikizo cha mbele cha springi, au bolti za U. Gari likivuta upande mmoja likiongezwa mwendo, na upande wa pili likifungwa breki, ekseli inacheza.

Nne, tazameni chini. Magurudumu yawekewe kabari, na mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Yawepo magogo imara au stendi za chuma. Sugueni matope kwa brashi. Unga mwekundu wa kutu unaotoka kwenye maungio ni dalili kwamba vyuma vinasuguana. Chuma kinachong'aa mahali kilipotakiwa kuwa na vumbi nacho kinasema hivyo. Tafuteni ufa unaoanzia kwenye tundu la bolti au kando ya mshono wa kuchomelea, na tundu lililokuwa duara sasa limekuwa yai. Gongeni chesisi polepole: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza.

Tano, mmoja asukume bodi ya gari huku na huku, na mwingine aweke kidole juu ya kila ungio, mbali na mahali panapoweza kumbana. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni.

Sasa matengenezo. Bushi zibadilishwe kushoto na kulia pamoja, na bolti zake zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari linaning'inia, mpira hubaki umesokoteka na kupasuka mapema. Bolti za U zilizofunguliwa zisirudishwe. Zinunuliwe mpya, na zikazwe tena baada ya safari fupi. Kishikizo chenye ufa kisipakwe tu chuma cha kuchomelea juu yake. Mwisho wa ufa utobolewe tundu dogo ili usiendelee, ufa usagwe hadi ndani, uchomelewe na fundi stadi, kisha pawekwe bamba la kuimarisha. Kabla ya kazi hiyo betri ifunguliwe, na mabomba ya petroli yaepushwe na moto. Springi yenyewe isichomelewe kabisa, kwani moto huondoa ugumu wake.

Kwa mnunuzi, shauri letu ni moja. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa nchini magari mengi yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyokuwamo yangali yanauzwa. Rangi mpya haina ushahidi wowote. Bushi mbovu ni jambo la kupunguziana bei. Chesisi iliyooza mahali pa vishikizo ni jambo la kuagana na muuzaji kwa adabu. Mama wa nyumba naye awepo siku ya kupima, ashike upande mmoja wa futi, kwa kuwa deni litalipwa na nyumba nzima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huanguka mahali pake. Gari huanguka likiwa na watoto ndani. Nusu saa ya Jumamosi yatosha kuuona ufa huo ukiwa bado mdogo.