Gaza Isiyokuwa na Ukuta

Siku hizi, kwenye baraza za Mombasa, kahawa ya jioni ikianza kuzunguka, mazungumzo hayakawii kufika Gaza. Ndivyo ilivyokuwa tangu Oktoba 2023. Kila mtu ana hesabu yake: waliokufa, nyumba zilizoporomoka, malori ya chakula yaliyozuiwa mpakani. Misikitini dua zimeombwa, na machozi yametoka. Lakini muulize huyo mwenye hesabu: Gaza yenyewe ni mji wa namna gani? Hapo baraza hunyamaza.

Hatumlaumu mtu. Mji ulio mbali hutufikia masikioni siku ile unapopigwa, na tangu hapo jina lake huwa ni jina la msiba. Mosul tuliijua hivyo, na Aleppo pia.

Yuko mtu aliyeiona miji yote mitatu, kisha akafika hata kwetu. Naye ni Ibn Battuta, aliyetoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akikusudia kuhiji. Mwaka uliofuata alipita Gaza akitokea Misri. Aliyoyasimulia ni machache: mji mpana wenye watu wengi, masoko mazuri na misikiti mingi, wala hauna ukuta. Hauna ukuta! Msomaji wa leo hawezi kulipita neno hilo mbio, ajuapo uzio na zege lililowazunguka watu wa huko.

Mwaka 1331 akashuka Mombasa. Alilala usiku mmoja tu, lakini mwenye macho usiku mmoja humtosha. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa imara, visima milangoni mwake, kata ya mti yenye mpini wa kuchotea maji, na mkeka wa kufutia miguu kabla ya kuingia. Akasema chakula chetu ni ndizi na samaki. (Wali ulikuwa bado safarini, yaonekana.)

Sasa tujiulize. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliipora Mombasa na kuichoma moto, na habari za moto huo waliziandika wao wenyewe. Lau zingebaki hizo peke yake, ulimwengu ungetujua kwa majivu yetu, wala asingekuwapo wa kusema kwamba hapa palikuwa na watu wanaosafisha miguu kabla ya kuswali.

Wako watakaosema: watu wanakufa, nanyi mwasoma vitabu vya safari? Naam, twasoma. Dua haipungui kwa kumjua unayemwombea. Msikiti Mkuu wa Omari, uliobomolewa Desemba 2023, ni wa kale kuliko safari ya Ibn Battuta. Tukisikia umeanguka, yafaa tujue ni kitu gani kilichoanguka.

Tena msafiri huyo alirudi Gaza mwaka 1348, wakati wa tauni, akaikuta sehemu kubwa ni mahame kwa wingi wa waliokufa. Baadaye mji ulijaa tena watu.

Rihla yake imo kwa Kiarabu, lugha ambayo madrasa zetu hujisifu kuifundisha. Ukurasa wa Gaza ni mfupi, wa Mombasa nao si mrefu. Darasa moja la baada ya magharibi lingetosha kwa zote mbili, na walimu wetu hawahitaji ruhusa ya mtu kuanza wiki hii.