PlayStation 2 si ya Kale, ni Kuukuu



Siku ya maonyesho ya chama chetu tulipanga meza ya vitu vya kale: chetezo, kinu, taa ya chemni, redio ya kaseti. Mimi nikaambiwa nilete PlayStation 2 moja ya mjomba wangu mwenye kibanda cha gemu Ukunda. Mjomba akanipa, akidhani twaenda kucheza. Alipokuja jioni kuichukua aliikuta imebandikwa karatasi: "Mtambo wa Michezo wa Kale". Akanitazama. "Kwani mpwa wangu, mimi nauza ukale?"

Nilikosa jibu. Leo ninalo.

Wenzangu walihesabu miaka. Mashine hii ilitoka Japani mwaka wa 2000, sisi hatujazaliwa, na Sony waliacha kuitengeneza kufikia 2013. Basi ni ya kale! Haya, kama ni miaka, tuhesabu sawasawa. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya 2006 yasema kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Kwa kipimo hicho, hata redio yetu ya kaseti ingeshushwa mezani. Tena, mbona mbuzi ya kukunia nazi haikuwekwa pale? Ni kongwe kuliko vyote! Ati kila mama aliyeombwa alikataa, atakunia nini?

Hapo ndipo penye jibu. Lugha yetu ina kale na ina kuukuu. Kanzu kuukuu imechakaa lakini bado yavaliwa. PlayStation 2 ni hivyo. Kibandani kwa mjomba mechi moja ni shilingi 10, na Jumamosi foleni yafika barabarani. Katika ile gemu ya mpira ya 2006 Thierry Henry bado yuko Arsenal, ijapokuwa alihamia Barcelona 2007, na hakuna anayejali. Sare niliyovaa siku ya maonyesho ilitoka katika kumi kumi hizo.

Mngetaka cha kale mngesema. Chini ya kitanda mjomba ana mtambo mwingine, ule wa kaseti za manjano, mwigo wa Nintendo ya 1983. Pedi zake zimekatika, kaseti hazisomi, fundi ameshanyoosha mikono. Huo ningewaletea bila ubishi.

Nakiri hata PlayStation 2 yaelekea huko. Lenzi ikifa, fundi hutoa nyingine katika mashine iliyokufa akaitia kwenye inayougua, na hizo zilizokufa nazo zinakwisha. Ng'ambo ya barabara pamefunguliwa kibanda cha PlayStation 4, shilingi 30 mechi moja. Mwenye 30 ni rahisi kwake kuiita ya mjomba ya kale. Mwenye 10 aende wapi?

Kwa hiyo naomba mwakani chama kimuulize mwenye kitu kabla ya kukibandika jina. Mjomba hakungoja kikao. Aliibandua ile karatasi kwa kucha, akakunja waya, akapanda bodaboda. Nilipofika kibandani magharibi, ilikuwa imeshawashwa, na watoto wanne wanagombania pedi mbili.