Karatasi Kukwama Si Hukumu ya Kununua Printa Mpya

Hoja kwamba anayetengeneza bodi za saketi nyumbani, kwa kuchapa mchoro kwenye karatasi na kuuhamishia kwenye shaba kwa pasi, hana budi kununua printa nyingine ya leza kila karatasi inapokwama haina mashiko, kwa kuwa inachanganya dalili na chanzo. Karatasi inayong'aa, ambayo hupendwa kwa sababu huachia kwa urahisi tona, yaani unga wa plastiki unaoyeyuka kwa joto la pasi na kunata kwenye shaba, huteleza chini ya roli ya mpira iliyoundwa kuvuta karatasi ya kawaida, na roli hiyo ikishika vumbi huteleza zaidi. Tiba ni kuifuta roli kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kubandika kipande cha karatasi hiyo juu ya karatasi ya kawaida kwa utepe wa karatasi kwenye ukingo unaotangulia kuingia, kisha kuipitisha kwenye trei ya kulishia kwa mkono, ambako kwa kawaida njia haina kona kali. Utepe wa plastiki na karatasi ya picha ya printa za wino visitumike, kwani joto la kuyeyushia tona, ambalo hukaribia nyuzi 200 za Selsiasi, huweza kuviyeyusha ndani ya mashine. Anayepuuza hayo anaweza kuiharibu hata printa mpya.